Kimondo, boma la zahanati na shilingi mbili

Baba yangu mdogo amelima kahawa wilayani Mbozi kwa miaka 43, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kwenda kukiona Kimondo, ingawa kutoka shambani kwake hadi mlima Marengi ni safari ambayo mtu wa baiskeli huimaliza kabla jua halijawa kali. Mwaka huu, kahawa ilipokwisha kupimwa ushirikani na malipo ya awali kuingia, nilitoka Mbeya mjini nikamfuata, nikamshawishi twende. Tulilipa kiingilio, tukapita kwenye makumbusho, kisha tukasimama mbele ya lile pande la chuma lenye urefu wa takriban mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Nilimweleza kwamba asilimia 90 hivi ya Kimondo ni chuma na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Kwamba wenyeji walikuwa wakikifahamu muda mrefu kabla ya mpima ardhi aitwaye W. H. Nott kukitolea taarifa mwaka 1930. Na kwamba hapo awali kilikuwa kimezama ardhini, hadi watu walipochimba handaki kukizunguka na kuacha nguzo ya udongo chini yake, ambayo baadaye ilijengewa zege.

Alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akaniuliza: "Sasa mwanangu, hili jiwe lilianguka lenyewe, bila bajeti ya mtu. Kwa nini leo linakula fedha za serikali?"

Hakuwa akitania. Kijijini kwao liko boma la zahanati ambalo wananchi walilijenga kwa nguvu zao, kila kaya ikitoa fedha, tofali na siku za kazi, kwa ahadi kwamba likifika kwenye lenta, halmashauri italipaua. Lilifika kwenye lenta miaka minne iliyopita. Tangu hapo limenyeshewa misimu minne, na mbuzi ndio wanaopata huduma humo. Mtu ambaye mke wake alibebwa kwa bodaboda usiku kwenda kituo cha mbali ana haki ya kuuliza kwa nini kuna uzio, jengo na walinzi kwa ajili ya jiwe, na ana haki ya kuendelea kuuliza, kama alivyofanya njiani tukirudi, kuhusu mambo makubwa zaidi ya hayo: Wamarekani kwenda mwezini, Wahindi kupeleka chombo kwenye sayari ya Mirihi, na habari aliyoisikia redioni kwamba hata sisi Tanzania tunajiandaa kurusha satelaiti yetu. Kwake yeye mambo yote hayo yamo katika kapu moja, kapu la vitu visivyo vya lazima, na serikali isiyoweza kupaua zahanati haina sababu ya kulishika.

Nimefundisha fizikia shule ya sekondari kwa miaka 19, na jibu langu la kwanza lilikuwa lile ninalowapa wanafunzi kila mwaka. Nilimwambia kwamba safari za mwezini zilituletea vitu tunavyovitumia nyumbani, nikataja kikaango kisichoshika chakula na ule mkanda wa kunata wa viatu vya watoto. Usiku ule, kwa kuwa swali lake lilikuwa limenikaa kooni, nikaingia kwenye intaneti kuhakikisha. Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango hivyo, iligunduliwa mwaka 1938 katika maabara ya kampuni ya kemikali, na wazo la mkanda wa kunata lilimjia Mswisi George de Mestral mwaka 1941 baada ya kuona mbegu za majani zilivyong'ang'ania manyoya ya mbwa wake. Hakuna hata kimoja kilichotoka mwezini. Kwa miaka 19 nimekuwa nikiwafundisha watoto wa watu uongo kwa nia njema. Lakini hata kama vingetoka huko, hoja yenyewe ni dhaifu, kwa sababu mtu anayetaka kikaango kizuri atakipata kwa bei nafuu zaidi akiwalipa watengeneza vikaango.

Hoja ya pili niliyompa asubuhi yake ina nguvu zaidi, ingawa nayo ina kasoro. Fedha ya serikali haihami kutoka kasha moja kwenda jingine kwa sababu tu kasha la kwanza limefungwa. Mnamo Julai 1969, siku moja kabla ya kuruka kwa Apollo 11, safari iliyowafikisha watu wa kwanza mwezini, mchungaji Ralph Abernathy, aliyechukua uongozi wa harakati za Martin Luther King baada ya kifo chake, aliongoza watu maskini hadi kwenye kituo cha kurushia roketi huko Florida, wakiwa na mikokoteni ya nyumbu, kuipinga safari ile kwa sababu hizihizi za baba mdogo. Mkuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, wakati huo, Thomas Paine, alitoka akaonana naye, akamwambia kwamba laiti umaskini ungeondoka kwa kutobonyeza kitufe cha kurusha roketi, wasingekibonyeza. Tunajua kilichofuata. Mwaka 1970 safari za Apollo 18, 19 na 20 zilifutwa, na bajeti ya NASA, ambayo mwaka 1966 ilikuwa imefikia zaidi ya asilimia 4 ya matumizi ya serikali ya Marekani, iliendelea kushuka hadi leo ambapo haifiki nusu ya asilimia moja. Mitaa ambako watu wa Abernathy walitoka haikupokea bahasha ya tofauti hiyo.

Baba mdogo aliitafakari, akasema: "Kwa hesabu hiyo hakuna matumizi yoyote utakayoyakataa." Na hapo ndipo kasoro ilipo. Kama fedha iliyookolewa haifiki zahanati, basi hata posho za vikao vya kujadili vikao, na yale magari tunayoyaita mashangingi, vyote vinaweza kujitetea kwa maneno hayohayo. Nikubali pia jambo ambalo watetezi wa safari za anga hawapendi kulisema: Apollo haikugharimiwa kwa mapenzi ya elimu. Warusi walirusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, tarehe 4 Oktoba 1957, wakampeleka Yuri Gagarin angani tarehe 12 Aprili 1961, na Marekani ikatoa dola bilioni 25 hivi ili isionekane imeshindwa. Serikali hugharimia kwa wingi kitu "kisicho cha lazima" pale inapoamini kwamba heshima yake ni ya lazima.

Liko jibu jingine maarufu kwa swali hili, na linatuhusu watu wa nyanda hizi zaidi ya tunavyodhani, kwa sababu swali lilitoka kwa jirani yetu. Mwaka 1970 mtawa aitwaye Mary Jucunda, aliyekuwa akihudumu Kabwe nchini Zambia, si mbali na Kapiri Mposhi ambako reli yetu ya TAZARA inaishia, alimwandikia mwanasayansi wa NASA, Ernst Stuhlinger, kumwuliza inakuwaje anapendekeza mabilioni yatumike kwa safari ya Mirihi huku watoto wakifa kwa njaa duniani. Stuhlinger alimjibu tarehe 6 Mei kwa barua ndefu na ya heshima. Alimsimulia habari za mtemi wa Kijerumani wa miaka kama 400 iliyopita, ambaye aliwasaidia maskini wake lakini pia alimlipa mtu aliyekuwa akisaga vioo vidogo na kutazamia vitu; watu walinung'unika, lakini kutokana na kazi za namna hiyo ikaja hadubini, na kutokana na hadubini tiba ikapiga hatua ambazo sadaka ya mtemi peke yake isingezifikia.

Barua hiyo imesambazwa sana, na kila niisomapo naipenda na kuitilia shaka kwa wakati mmoja. Naipenda kwa sababu haikumdharau mwuliza swali. Naitilia shaka kwa sababu inamhesabu mtemi aliyepata na kuwanyamazia watemi wote waliolipa wasaga vioo wasiotoa chochote. Na kwa sababu mwandishi wake aliwahi kuwa katika kundi lililounda roketi za V-2 nchini Ujerumani wakati wa vita, zilizoangukia London na miji mingine, na ambazo ziliundwa viwandani kwa mikono ya wafungwa waliokufa kwa maelfu. Sisemi hivyo ili kumhukumu marehemu. Nasema kwa sababu hadithi ya kioo na mtemi inaifanya elimu ionekane kama mbegu inayoota yenyewe ikishamwagwa, wakati sisi tunaolima tunajua kwamba mbegu ileile huzaa kwa huyu na kufa kwa yule kutegemea nani amekaa shambani. Halafu iko tofauti ambayo Stuhlinger hakuwa na haja ya kuigusa: nchi yake iliweza kufanya yote mawili. Mtawa alikuwa Kabwe.

Mama mdogo akatuletea chai, na ndipo nilipoanza kuona kwamba tangu jana yake nilikuwa nikitetea safari za Wamarekani, jambo ambalo hawakunituma. Swali lenye maana kwa mkulima wa Mbozi ni kama serikali yake, hii ya kwetu, iweke fedha katika mambo ya anga. Na hapo nina jibu, ambalo linaanzia kwenye simu yake.

Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Kuanzia Songwe, Mbeya, Njombe na Iringa hadi Ruvuma, tunasubiri Novemba hadi Aprili, na anayekosea wiki mbili za mwanzo amekosea mwaka. Kila mwaka kabla ya msimu Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za msimu, na baba mdogo, kama wakulima wengi, huusikia redioni au huupata kwa ujumbe wa simu kupitia ushirika. Utabiri huo haupatikani kwa kutazama mawingu juu ya mlima Loleza. Sehemu kubwa ya kinachoonekana juu ya Afrika huonwa na satelaiti za Meteosat, zilizo umbali wa kilomita 36,000 juu ya ikweta, zinazotuma picha ya bara zima kila baada ya dakika 15 au chini ya hapo. Zinamilikiwa na EUMETSAT, shirika la nchi za Ulaya lenye makao yake Darmstadt, Ujerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Umoja wa Ulaya uligharimia mitambo ya kupokelea picha hizo katika idara za hali ya hewa za Afrika nzima. Kwa maneno mengine, mlipakodi wa Bavaria, ambaye huenda naye analalamika kwamba serikali yake inachezea fedha angani, ndiye anayemwambia baba mdogo lini apande mahindi.

Nilipomweleza hivyo alifurahi. "Vizuri basi. Waendelee kulipa wao."

Jibu hilo si la kijinga, na nakiri kwamba kwa miaka mingi hiyo ndiyo imekuwa sera yetu bila kuandikwa mahali. Lakini kila mkulima anajua habari ya jembe la kuazima: mwenye nalo hulihitaji siku ileile mvua inaponyesha. Nampa mifano miwili. Satelaiti za Landsat, ambazo Marekani ilianza kuzirusha mwaka 1972, na ambazo kwa picha zake watu wamepima misitu, mashamba na maziwa ya dunia nzima, katika miaka ya 1980 ziliwekwa mikononi mwa kampuni binafsi, na bei ya picha moja ikapanda hadi kupita dola 4,000. Chuo gani cha Afrika kingenunua? Mwaka 2008 Marekani iliamua picha zote zitolewe bure, na matumizi yakafurika duniani kote; uamuzi mzuri, ila ulikuwa wao peke yao. Mfano wa pili ni wa karibuni. Mtandao wa tahadhari ya njaa, FEWS NET, ulianzishwa na Wamarekani mwaka 1985 baada ya njaa ya Ethiopia, na kwa miaka 40 ulisoma picha za satelaiti na bei za masoko ili kuonya mapema kwamba chakula kitapungua mahali fulani. Mwezi Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na mtandao ule ukazimika ndani ya siku chache, katikati ya msimu wa kilimo wa kusini mwa Afrika. Baadaye sehemu yake ilirejeshwa. Hakuna mkulima wala waziri wa huku aliyeulizwa, wala hapakuwa na sababu ya kumwuliza, kwa kuwa jembe halikuwa letu.

Kwa hiyo nasema serikali iweke fedha huko. Ila nasema pia, na hapa ndipo ninapoachana na wale wanaoshangilia kila roketi, kwamba fedha ya kwanza isiende kwenye chombo.

Nina sababu, na sababu yenyewe iko ng'ambo ya mto Songwe. Kimbunga Freddy kilianza kufuatiliwa mwanzoni mwa Februari 2023 karibu na Australia. Kilivuka Bahari ya Hindi yote kikitazamwa na satelaiti za kila taifa lenye satelaiti, kikapiga Madagaska na Msumbiji, kikarudi baharini, kikarudi tena nchi kavu, na katikati ya Machi mvua zake zikaangusha milima ya udongo juu ya watu kusini mwa Malawi, hasa Blantyre na vitongoji vyake. Waliokufa na waliopotea ni zaidi ya 1,000. Pengine hakuna kimbunga katika historia kilichotazamwa kwa muda mrefu kama hicho. Lakini kati ya picha iliyo angani na mama aliyelala kwenye mteremko kuna mlolongo wa watu: anayeisoma picha, anayeigeuza kuwa maneno ya wilaya fulani na siku fulani, anayepiga simu, mwenyekiti wa kitongoji anayeaminiwa, na mahali pa kuwahamishia watu. Kiungo kimoja kikikosekana, satelaiti inabaki kuwa shahidi tu.

Wahindi wanafahamika kwa kupeleka chombo Mirihi mwaka 2014 kwa gharama ya dola milioni 74 hivi, na kwa kutua karibu na ncha ya kusini ya mwezi tarehe 23 Agosti 2023, na hayo ndiyo baba mdogo aliyasikia na kuyanung'unikia. Mimi ninalowaonea wivu ni jambo jingine. Mwaka 1999 kimbunga kiliua watu karibu 10,000 katika jimbo la Odisha. Mwaka 2013 kimbunga Phailin, kikali pia, kilipiga pwani hiyohiyo, na waliokufa hawakufika 50, kwa sababu karibu watu milioni moja walikuwa wamehamishwa kabla hakijafika. Satelaiti zao zilisaidia, lakini vivyo hivyo majengo ya kukimbilia yaliyojengwa kwa miaka 14, mazoezi ya kila mwaka, na vijana wa kujitolea vijijini. Na roketi ya kwanza ya mpango wao wa anga ilirushwa mwaka 1963 kutoka kijiji cha wavuvi kiitwacho Thumba, ofisi zikiwa kanisani na sehemu za roketi zikibebwa kwa baiskeli, chini ya Vikram Sarabhai, ambaye tangu mwanzo alisisitiza kwamba India haikuwa na ndoto ya kushindana na mataifa makubwa kwenda mwezini. Walianza na mahitaji ya nyumbani. Walipofika mwezini walikuwa wamepita miaka mingi katika mashamba na pwani zao wenyewe.

Mwalimu Nyerere anakumbukwa kwa usemi kwamba wakati wengine wanajitahidi kufika mwezini, sisi bado tunajitahidi kufika vijijini. Usemi huo hutumiwa sana kumnyamazisha mtu anayeleta habari za anga kwenye mazungumzo ya bajeti, na baba mdogo naye aliutumia, akitabasamu, kwa kuwa alijua hakuna mtu wa rika langu anayethubutu kumpinga Mwalimu mbele ya wazee. Sikumpinga. Nilimkumbusha tu kwamba serikali ya Mwalimu huyohuyo, pamoja na ya Kaunda wa Zambia, ndiyo iliyojenga TAZARA, kilomita 1,860, baada ya Benki ya Dunia na wakubwa wengine kupiga hesabu na kusema reli hiyo haitalipa na si ya lazima. Wachina wakatoa mkopo usio na riba, na kati ya mwaka 1970 na 1975 reli ikafika. Baba mdogo mwenyewe alikuwa kijana mdogo, anawakumbuka wajenzi walivyokula chini ya mahema upande wa Mlowo.

"Na leo treni inachechemea," akasema.

Ni kweli, inachechemea. Tulijenga njia kwa shauku na tukapuuza mafundi wa kuitunza, na sitaki tufanye kosa hilohilo angani. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa nchi imeanza kujiandaa kwa satelaiti yake. Sipingi. Wenzetu wa Kenya walirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili mwaka huohuo, kwa roketi ya kampuni ya Kimarekani, ikiwa imesanifiwa na wahandisi wa Kenya kwa gharama ya shilingi za Kenya milioni 50 hivi. Rwanda, Uganda na Ethiopia walikwishatangulia. Nachukua kalamu kwa sababu baba mdogo alitaka kujua ni shilingi ngapi hasa. Milioni 50 za Kenya kwa wakati ule zilikuwa kama milioni 870 za kwetu. Bajeti yetu ya mwaka 2023/24 ilikuwa shilingi trilioni 44.39. Ukigawanya, katika kila shilingi 100,000 ambazo serikali ilipanga kutumia, chombo cha namna ile kingechukua shilingi 2.

Shilingi mbili hata kwenye mzunguko haionekani tena. Ndiyo maana nasema ubishi wa "satelaiti au zahanati" umekaa vibaya. Boma la kijijini kwao halikukwama kwa sababu ya Kimondo wala kwa sababu ya anga. Limekwama kwa sababu zake, ambazo zinajulikana na watu ambao wangefurahi sana tukiwalaumu Wamarekani. Ninachokihofia zaidi ni kwamba tutatoa hiyo shilingi mbili, tutapiga picha na roketi, kisha hatutaajiri vijana 30 wa kusoma kitakachotumwa kila siku, wala hatutawaunganisha na watafiti wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale Uyole wanaojua ugonjwa gani wa viazi unafuata mvua ya namna gani, na chombo kitapita juu ya Kipengere, Uporoto na bonde la Usangu kila siku kikipiga picha ambazo hakuna anayezifungua. Nchi za Afrika zilikwishakubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na hatujafika. Ningeanza kutafuta satelaiti yetu katika pengo hilo.

Bado sijamjibu kuhusu jiwe. Kimondo hakitabiri mvua. Ni elimu tupu, na kama ningejificha nyuma ya mvua na njaa pekee, ningekuwa nimekitupa. Nina mfano mmoja unaonisumbua. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya huadhimisha uhuru wake, satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililo baharini karibu na Malindi. Wamarekani waliipa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya wenyeji na ya siku ile. Ilichunguza mamia ya vyanzo vya miale hiyo, kikiwemo Cygnus X-1, kitu cha kwanza ambacho wanasayansi walikubaliana kwa uzito kuwa ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki, na mwaka 2002 kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Neno letu lilipaa, roketi iliondoka kwenye maji yetu, na elimu ikashukia kwingine, kwa kuwa pwani ile hapakuwa na mtu wa kwetu aliyelipwa kuisoma.

Kimondo kina hatari ileile. Kipande chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza kuchunguzwa, na alama ya msumeno bado ipo. Serikali imekijengea uzio na makumbusho, nami nashukuru, lakini mwanafunzi wangu anayetaka kujua kile chuma kilipoa kwa kasi gani ndani ya mwili wa sayari ndogo kabla haijavunjika, jambo linalosomeka katika michirizi ya nikeli, itabidi aende kusoma nje. Ningependa sehemu ya kumi ya ile shilingi iende kwa mtoto huyo, bila kumwuliza itazaa nini, kwa sababu hakuna mfanyabiashara atakayemlipa, na asipolipwa na serikali hatalipwa na mtu.

Baba mdogo alikaa kimya muda mrefu, akakoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha sukari ya kukorogwa.

"Huyo mtoto nimempa," akasema. "Na vijana wa mvua nimewapa. Lakini useme huko unakoandika kwamba sikuitoa kwenye fedha ya mabati."

Nimesema. Kisha akaniuliza kama mwelekeo wa msimu huu umekwisha kutoka, maana wenye mbegu pale Mlowo wanataka fedha mapema. Nikafungua simu kutafuta. Ulikuwa umetoka siku tisa zilizopita. Hakuna aliyekuwa amemtumia.